Birika Dogo Kama Punje ya Mchele

Jumatatu, 8 Aprili 2019. Manyunyu. Mlima Fuji hauonekani.

Mzee Makita, mwenye kiwanda, ametangaza. Katika kibanda chetu kipya cha kuchezea, cha plastiki, cha mnunuzi kuunganisha mwenyewe, mfano wa kibanda cha kuuzia oden, mayai na vitoweo vya kuchemshwa sufuriani, kipande kitakachompendeza zaidi kitakaa mbele ya boksi, pamoja na jina la mbunifu. Miaka yote hii kiwandani, mji wetu wa Shizuoka haujawahi kusoma popote jina langu, Oishi Kanae. Mbunifu mwenzangu Mochizuki anabuni sufuria. Mimi birika la chai, dogo kama punje ya mchele. Kifuniko nimekichorea tundu la mvuke. Mochizuki akauliza chai hiyo atakunywa nani, chawa? Nikamwambia mnunuzi ana macho.

Jumanne, 9 Aprili. Jua.

Wazo! Muhuri wa jina langu umechongwa kinyume ili ukigongwa usomeke sawa. Kalibu ya kumiminia plastiki nayo si muhuri tu? Nikaugeuza mchoro, kulia ukawa kushoto, kisha nikampelekea Sugiyama, fundi wa kalibu. Nimempunguzia kazi. Sikumwambia. Msaada wa kimya una heshima yake.

Ijumaa, 12 Aprili. Upepo.

Vipande vya kwanza vimetoka, vingali vya moto. Tundu safi kabisa. Mpini uko kushoto.

Sugiyama anasema mashine yake hugeuza mchoro yenyewe, sasa nani amegeuza tena? Nikasema labda umeme. Mochizuki akatazama kwa lenzi. "Dada Kanae, huyu mwanasesere wako, muuzaji wa kibandani, atamimina chai huku kiwiko kiko puani kwa mteja." Chumba kizima kikacheka. Hapa kwetu hata mtoto anajua mpini wa birika hutokeza ubavuni, upande wa mkono wa kulia. Nikawaeleza kuwa muuzaji huyu hutumia kushoto. Tangu utotoni. Hawakuniuliza zaidi.

Jumamosi, 13 Aprili. Mawingu.

Mzee Makita alilishika birika kwa kibano, akaliinamisha kama anayemimina. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu tunakunywa chai. Kisha akalisifu tundu, akaagiza kalibu nyingine. Mbele ya boksi: sufuria na jina la Mochizuki. Mimi: ndani, kwenye karatasi ya maelekezo.

Jioni Mochizuki alinipeleka kula oden, akanipa yai lake. Nililila kwa uchungu. Lilikuwa tamu.

Lakini picha ya boksi inapigwa Jumatatu, kabla kalibu mpya haijawa tayari. Mzee anataka birika bovu lifichwe nyuma ya sufuria. Nimejitolea kuiandaa picha mimi mwenyewe. Nitaliweka mbele kabisa, kisha picha nzima nitaigeuza kwenye kompyuta. Mpini utakuwa kulia. Mzee akiliona hivyo, atabadili mawazo. Ni kweli maandishi ya pazia la kibanda yatasomeka kinyumenyume, lakini herufi zenyewe ni ndogo kama mayai ya sisimizi. Nani atazitazama?

Nimelala saa tano na robo, kwa raha.