Barua ya Kurasa Nne kwa Mama Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi
Mheshimiwa Shajara; ndugu Kioo; waheshimiwa Vitabu mliojipanga ukutani kwa utulivu; nawe Kiti, uliyebeba dhamana nzito tangu nilipofika ugenini kusomea biashara na uongozi wa sanaa: itifaki imezingatiwa. Nina furaha kuwatangazia kwamba nafasi ni yangu. Bado sijapewa. Lakini ni yangu.

Mhadhiri ametangaza leo. Sisi wanafunzi watano tutaandaa onyesho la muziki, Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, katika ukumbi mdogo wa chuo. Atakayeonyesha uongozi atapendekezwa kwa Mkurugenzi wa jumba kuu la maonyesho, awe msaidizi wake miezi sita. Mmoja tu! Nikampigia Shangazi papo hapo, nikamwambia nimeshachaguliwa. Sikudanganya, nilitangulia kidogo. Shangazi ndiye mlezi wa kikundi chetu cha maigizo nyumbani. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza, akasema kesho anawatangazia wanachama wote.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitisha kikao cha kumchagua kiongozi. Nilianza kwa kuwatambua waliohudhuria, kwa ngazi zao, kama ustaarabu unavyodai. Watu wanne ni wachache. Basi nikamtambua kila mmoja kwa kirefu. Nilikuwa kwa mtu wa tatu mtunza ukumbi alipoingia na funguo zake na kusema muda umekwisha, darasa la uchoraji linangoja mlangoni. Uchaguzi haukufanyika.

Madaftari, ndivyo ninavyomwita mwanafunzi mwenzangu asiyetembea bila madaftari matatu kwapani, aliniuliza kama huko kwetu watu hufika kwenye ajenda au husifiana tu mpaka wakazeeka. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kiuongozi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo tumefundishwa kukasimu madaraka. Somo limeandikwa kwa ajili yangu! Kiongozi hashiki kazi; anaigawa. Jioni wenzangu wote walikuwa na barua rasmi mikononi. Mmoja mwenyekiti wa Kamati ya Taa. Mmoja wa Viti. Mmoja wa Mapambo. Madaftari nimempa kamati sita kwa mpigo, achoke, ajulikane kuwa hawezi. Mimi nimebaki na Kamati ya Wageni Mashuhuri, ambayo kwa hakika ndiyo onyesho lenyewe.

Madaftari alisoma barua yake akasema, "Sawa, Mheshimiwa. Viti vitabebwa na nani?" Nikamwelekeza kwa mwenyekiti husika. Mwenyekiti husika akasema yeye ni mwenyekiti, habebi. Mambo yanakwenda vizuri mno.

Jumatatu, 10 Machi
Ya nini kumngoja Mhadhiri anipendekeze? Mama Mkurugenzi na aje mwenyewe, anione kwa macho yake! Nimemwandikia barua ya kumwalika awe mgeni rasmi. Kurasa nne. Wa kwanza: juu kabisa ukumbi, siku na saa; kisha heshima na taadhima. Wa pili: mchango wake katika sanaa. Wa tatu: mchango wake, kwa mapana zaidi. Wa nne, aya ya mwisho: mwaliko. Huwezi kumvamia mtu mzima na haja yako kwenye mstari wa kwanza, kama jirani aliyeishiwa chumvi.

Madaftari aliichungulia mezani, akasema angeiandika kwa mistari mitano. Masikini. Ndiyo maana ana kamati sita.

Jumatano, 12 Machi
Anakuja! Jibu limefika: ameguswa sana, hakutegemea kabisa, atafika pamoja na mama yake mzazi. Nimewasomea wenzangu mara tatu. Madaftari akauliza hakutegemea nini hasa, na mama mzazi anafuata nini kwenye onyesho la wanafunzi. Wivu huo. Mtu akialikwa vizuri, huja na mzazi wake.

Jumamosi, 15 Machi
Mama Mkurugenzi alifika saa tisa kasoro robo. Gauni la hariri. Mama mzazi kamshika mkono. Dada wawili. Mpiga picha. Na karatasi ya hotuba. Akaninong'oneza kuuliza kama tuzo atakabidhiwa kabla ya muziki au baada.

Tuzo! Kumbe alisoma kurasa tatu za sifa, akadhani anatuzwa. Wa nne hakuufungua. Alidhani ni salamu za mwisho.

Kiongozi hababaiki. Nilipanda jukwaani. Nikawatambua waliohudhuria kwa dakika ishirini na tano, nipate kufikiri. Kisha nikatangaza Tuzo Kuu ya Uongozi wa Sanaa, nikachomoa saa ya ukutani, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mama yake mzazi, bibi mzaa chema, alilia kwa furaha. Mtunza ukumbi naye alikaribia kulia. Alinikamata nyuma ya pazia: "Wewe bwana! Hiyo saa ni mali ya chuo, na aliyeitilia saini ni mimi!"

Wakati huo mpiga filimbi aliyekuwa afungue onyesho alikuwa ameshafungasha. Ana treni ya kuwahi. Kamati ya Taa ilikuwa bado inamngoja msaidizi wa kuziwasha. Ukumbi giza, watu wananung'unika, Mhadhiri kafumba macho.

Madaftari akafungua daftari la pili. Sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na onyesho zima, lililopangwa upya iwapo taa zitakataa. Akafungua milango yote, mwanga wa alasiri ukaingia. Akawatawanya waimbaji katikati ya watazamaji, wakaanza kuimba hapo hapo, bega kwa bega na watu. Bibi mzaa chema alikuwa wa kwanza kusimama. Halafu ukumbi wote. Nami nilisimama, kwa sababu mwenyekiti wa Viti hakuniletea kiti.

Mwishoni Madaftari alimweleza Mama Mkurugenzi ukweli wote. Kwa sentensi tatu! Mama Mkurugenzi akaitazama saa mapajani mwake, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika mbavu. Saa akamrudishia mtunza ukumbi.

Jumatatu, 17 Machi
Nafasi amepewa Madaftari.

Tulieni, ndugu zangu, tusihukumu kwa pupa. Nani alimkasimia kamati sita? Mimi. Nani alimleta Mama Mkurugenzi amwone? Mimi. Basi anayekwenda kufanya kazi katika jumba kuu ni tawi. Shina limekaa hapa.

Shangazi alipiga simu asubuhi, akauliza, "Mwanangu, kazi unaanza lini? Wanachama wananiuliza." Nikamjibu kwamba nimeikasimu. Akauliza, "Umeikasimu, au umeikosa?" Nikamfafanulia kwamba kitaaluma hapo hakuna tofauti. Akasema, "Haya," kwa namna ninayoifahamu tangu utotoni.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza uamuzi ufuatao. Kikundi chetu cha maigizo, chenye wanachama tisa, kuanzia leo kitakuwa na kamati kumi na nne. Kila mwanachama ni mwenyekiti, na Shangazi ni mwenyekiti wa wenyeviti. Barua yenye agizo hili imeondoka mchana huu. Nimeelekeza isomwe mbele ya kikundi kizima, watu wakiwa wamesimama, na utekelezaji uanze mara baada ya ukurasa wa mwisho.

Ni ndefu kidogo.