Injini Ihamie Nyuma

Jumapili, 1 Agosti 2004

Aibu! Leo nimempeleka mwenyewe mke wangu Joyce kazini Msimbati. Ni mwalimu huko. Huenda Jumapili, hurudi Ijumaa. Miaka mitatu amekuwa akipanda Pijo pikapu ya Bwana Abeid, mfanyabiashara wa samaki, jirani yetu hapa Magomeni ya huku kusini. Nikasema sasa basi. Mimi Danieli, karani wa stoo bandarini, mwenye Starlet yangu, mke wangu asafiri na barafu?

Tulikwenda vizuri mpaka kile kilima cha mchanga kabla ya kijiji. Hapo gari likazama. Nikikanyaga mafuta, magurudumu ya mbele yanachimba kama kuku. Mara Abeid huyo! Barafu, mabati, abiria kumi na wawili na kabati la vyombo. Kilima akakipanda huku anapungia watu mkono. Kisha akarudi kunivuta kwa kamba. Akanishauri kwa upole nipunguze upepo kwenye matairi. Nikamwambia upepo wangu naujua mwenyewe. Joyce akahamia kwenye Pijo. Kiti cha mbele!

Nimewaza njia nzima. Pijo inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Starlet inavutwa na ya mbele. Kumbe ugonjwa ni huo! Mkokoteni ukizama, mwenye akili huenda nyuma kusukuma.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata ushahidi. Stoo kuna gazeti la magari lililoachwa na mhandisi wa meli fulani. Kijerumani chote. Lakini picha ni picha. Gari la mashindano, injini iko nyuma, na mshale mwekundu unaielekea. Wazungu wameshamaliza mjadala.

Nikalipeleka kwa fundi Muzamil. Akalitazama muda mrefu, akauliza kama sijafikiria kununua kamba yangu mwenyewe. Hatimaye akakubali inawezekana: tuchukue sehemu ya mbele ya Starlet nyingine iliyopinduka, shafti zake na vyote, tuichomelee nyuma ya yangu, injini yangu ikae palipokuwa na kiti cha nyuma. "Kila kitu kinawezekana, bosi," alisema. "Shida ni kesho yake."

Mafundi wana roho ndogo.

Ijumaa, 6 Agosti

Joyce karudi. Na Abeid, bila shaka, na kapewa changu wawili juu. Kakuta kiti cha nyuma cha gari sebuleni. Nikamwambia ni kochi jipya. Akalikalia, akasema zuri, ila lina mkanda. Kisha akaingia jikoni na kukuta kabureta ndani ya beseni lake la kuoshea mchele.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nimepanga kulirudisha beseni au nalo linahamia nyuma ya gari. Nikamwahidi: Jumapili ya tarehe kumi na tano nitampeleka Msimbati, na kile kilima tutakipanda tukiimba. Akasema, "Haya, Baba Irene." Anapenda kusema haya. Silipendi neno hilo.

Jumatano, 11 Agosti

Ugomvi gereji. Muzamil anataka injini ikae vilevile ilivyokuwa mbele, itazame kule kule. Nikamweleza kwa utaratibu: kitu kikihama kutoka mbele kwenda nyuma, lazima nacho kigeuke. Mlinzi wa mlango wa mbele anatazama mbele. Akihamishiwa mlango wa nyuma, atatazama wapi? Sebuleni? Na mshale wa Wajerumani je, si unaelekea nyuma?

Muzamil akasema injini si mlinzi. Akaniuliza mara ya pili kama nina uhakika. Mara ya tatu akamwita Hassani wa kuziba pancha aje asikie kwa masikio yake. Nikarudia kwa sauti. Igeuzwe! Hassani akatikisa kichwa, akarudi kwenye pancha zake. Mtu anaziba matundu maisha yake yote, atajua nini kuhusu injini?

Wakaigeuza. Nimejisikia vizuri sana.

Jumamosi, 14 Agosti

Imewaka! Mlio kama wa ndege. Rejeta imebaki mbele na inaletewa maji kwa mpira wa bustani unaopita katikati ya viti. Joto kidogo. Si neno. Watu wamejaa. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikawapungia mkono.

Gari likarudi nyuma likaingia kwenye uzio wa makuti wa Bi. Mwanakombo, jirani wa gereji.

Nikaomba radhi, nikatoka, nikajaribu gia ya pili. Likarudi kwenye uzio uleule, kwa kasi zaidi. Ya tatu sikuithubutu. Nikaweka rivasi. Likaenda mbele.

Kwa hiyo nina gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Bi. Mwanakombo kanitukana kwa Kimakonde, na tafsiri amenipa mwenyewe nisije nikakosa kitu. Muzamil hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. Alinawa mikono, akasema kuigeuza tena ni wiki tatu, akaenda kuswali adhuhuri. Nadhani aliongeza na sunna zote.

Na ahadi ni kesho!

Jumapili, 15 Agosti

Tumeondoka saa tatu asubuhi. Gia moja, hiyohiyo, inalia kama cherehani yenye homa. Baiskeli zimetupita. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani katupita, akageuka kutuuliza kama tuna mgonjwa. Hadi Madimba, kijiji cha njiani, mpira wa maji umevuja mara mbili kwenye viatu vya Joyce. Viatu vya kufundishia.

Chini ya kilima nikaona gia moja haitoshi. Nikaligeuza gari. Nikatoa kichwa dirishani, nikaingiza ya pili, nikakipanda kilima kinyumenyume. Lilipanda! Nusu nzima ya kilima! Nikaanza hata kuimba. Kisha likazama mpaka kwenye bampa.

Mvuke tu. Joyce akafuta miwani yake, akaniuliza kwa sauti ileile anayoulizia darasa la nne. "Baba Irene, tulivyokuwa tunapanda hivi, magurudumu yenye injini yalikuwa mbele au nyuma?"

Nikatoka kuangalia. Nikaangalia mara mbili. Yalikuwa mbele. Yalikuwa yakituvuta.

Abeid alifika saa nane. Alizunguka gari zima na kamba yake mkononi, akaniuliza kwa heshima zote mbele ya gari hili ni wapi. Nilimwonyesha. Sijawahi kuchukia swali kama lile. Tukaliacha gari kwa mwenyekiti wa kijiji, limefunikwa turubai.

Sikuweza kurudi leo. Nalala kwa Joyce, nyumba ya walimu. Sikuwahi kufika. Miaka mitatu! Chumba kimoja, meza ya kusahihishia, na viti viwili. Nikauliza cha pili ni cha nani. Akasema ni changu. Alikichongesha mwaka ule alipohamia, akawa ananisubiri nije nikikalie. Hakuwahi kutaka gari. "Pijo ina nafasi," alisema. "Ungepanda tu."

Nikakikalia. Tumekula changu na wali, nikaosha vyombo mimi. Nikamwapia kwamba mambo ya injini basi, nimekoma, Ijumaa nitakuja na pikapu kama watu wengine. Akasema haya. Safari hii lilinipendeza.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimerudi mjini na Abeid. Kiti cha mbele. Bandarini nimetuma ujumbe kwamba mgongo unauma, na si uongo. Mtu mwema sana Abeid, nakiri. Kanipa ndizi. Hajanitania hata kidogo. Nilikuwa na amani moyoni kama mtu aliyetoka kuungama.

Ila karibu na Madimba nikasikia kitu. Mvumo fulani, chini ya miguu yangu. Samaki wote wako nyuma, barafu nyuma, abiria nyuma, na injini peke yake mbele. Gari la watu limeegemea upande mmoja na hakuna aliyewahi kumwambia! Nikamwambia. Akaongeza mwendo. Tulipofika kwake akasema nikipenda nifungue boneti niangalie. "Kuangalia tu, kaka Danieli. Usiguse." Akaingia ndani kulala.

Nimeangalia. Kweli sijagusa chochote cha maana. Ni boliti nne tu za kushikilia injini, na zimetoka kwa urahisi wa ajabu, kama zilikuwa zinanisubiri. Abeid akilala mchana haamki mpaka alasiri. Nimemtuma mtu akamwite Muzamil aje haraka, asiulize kwa nini.