Suruali Iliyopwaya Angani

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa shule ya urubani katangaza: Jumamosi, siku ya wageni, mfanyakazi mmoja wa chini atapandishwa ndege ya michezo ya angani. Mmoja tu! Mimi ndiye fundi cherehani wa shule, nani anastahili zaidi? Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa karakana, naye kaandikisha jina. Mama mkwe atakuwepo. Tangu harusi ananiita Bwana Uzi. Nikishuka kwenye ndege ile ataniita baba.

Jumanne, 5 Machi
Kura imepigwa, nimeshinda. Kofia ya kura niliishona mwenyewe, na bitana lina tundu. Jina la shemeji bado limo humo.

Jumatano, 6 Machi
Rubani kanieleza. Ndege ikikata kona kali, mwili unakuwa mzito mara tano. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaingia giza, mtu anazimia. Ndiyo maana kuna suruali maalumu: inajaa hewa, inakaba mapaja na tumbo, damu inabaki kichwani. Nawe ukaze misuli, uvute pumzi fupifupi. Nikaitikia kila neno. Nilikuwa natazama mshono wa suruali yake pajani, umepinda.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeijaribu suruali. Inabana mno, hata kuinama siwezi. Miaka yote wateja wananililia neno moja: fundi, achia kidogo. Nimeachia vidole vitatu kila upande. Mke wangu kauliza kama rubani anajua. Nimemjibu: kila mtu na fani yake. Shemeji kapita akasema inapwaya. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Machi
Nilimpungia mama mkwe mkono, tukapaa. Kona ya kwanza, mashavu yakateremka hadi kwenye kola. Suruali ikajaa hewa, isinishike popote. Rangi zikapotea, dunia ikawa kijivu. Nikakumbuka kukaza misuli. Nikakaza macho.

Nilipozinduka tulikuwa tunatua. Shemeji ndiye aliyenibeba kunishusha, mbele ya wageni wote. Mama mkwe akamwambia aende taratibu, uzi usije ukakatika. Kisha wakampandisha shemeji badala yangu, kavaa suruali ya rubani mwingine, inayobana. Karudi anauliza chakula kiko wapi. Nimeona aibu mpaka kwenye kucha.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala chali nawaza, na kosa nimeligundua. Kiunoni ilikuwa bado inabana kidogo, damu ikakosa njia ya kurudi juu. Mwakani naachia vidole sita. Kofia ya kura ninayo.