Salamu Kwanza, Shida Baadaye

Kwa furaha kubwa, ofisi yangu ilitangaza kwamba vijana wa Kolwezi na viunga vyake sasa watasaidiwa mtandaoni. Kijana mwenye shida hatalazimika tena kupanda pikipiki mpaka ofisini ili aambiwe mkubwa hayupo. Ataambiwa hukohuko aliko, kwenye simu yake.

Huduma yetu ya WhatsApp ilikuwa na sharti moja tu, adabu. Kabla ya kueleza shida, kijana awasalimu wakubwa wote kuanzia juu, kila mkubwa na ujumbe wake, kama tufanyavyo mikutanoni. Akimruka naibu wangu, Tata Tharcisse, aanze upya. Tata Tharcisse ni mwepesi wa kuumia moyo.

Matokeo yalitia moyo. Wengi waliandika kutoka machimbo ya Mutoshi, ambako kupata chaji ni kazi, na simu zao zilizima katikati ya salamu. Shida hazikutufikia kabisa. Kwenye ripoti tulisema zimepungua.

Chancelle, binti anayepokea ujumbe, hakuridhika.

"Shefu, tuache batoto baseme shida kwanza. Salamu itafuata."

"Mama Chancelle, hiyo ni fujo," nilimjibu.

Jumatatu moja zikaingia salamu tamu ajabu. Kwa ajili ya siri tuliwapa vijana namba badala ya majina, na orodha alibaki nayo Chancelle, kwa hiyo mwandishi sikumjua. Hakumruka mtu, hata mlinzi wa mlango. Mwisho aliandika: "Shida yangu ni papa. Nataka kurudia ku nyumba, lakini namuogopa."

Nikaamuru zibandikwe ukutani ziwe mfano.

"Oneni malezi hayo!" niliwaambia wafanyakazi. "Lakini huyo baba ni mtu wa namna gani, mpaka mtoto wake amwogope?"

Wote wakatazama chini. Nilidhani nimewagusa.

"Shefu," Chancelle akasema, "ule ni Gael, mutoto yenu."

"Gael yangu iko Sandoa, kwa mujomba yake."

"Iko Mutoshi, Shefu. Anachimba."

Mashimo yale huporomoka. Nikamwandikia kwa WhatsApp ya ofisi: "Mwanangu, uko wapi hasa?" bila kumsalimu yeyote. Nikangoja mpaka alasiri, simu ikalia.

"Salamu kwa Mheshimiwa Shefu wa ofisi."

Ikalia tena. "Salamu kwa naibu wake, Tata Tharcisse."

"Gael, acha salamu!" nikaandika.

"Salamu kwa mama sekretere."

Nikasoma mkubwa mmoja baada ya mwingine, huku nikimwomba Mungu chaji imtoshe. Alipofika kwa mlinzi nilikuwa nimeshasimama.

"Papa, chaji imebakia kiloko tu, simu itazima. Nirudie?"

Nikaandika ndiyo. Ikabaki alama moja ya kijivu, haikumfikia.

Chancelle akanipa chaja yake nimpelekee. Nikatoka kutafuta pikipiki ya kunipeleka Mutoshi, na mlangoni nikampita Tata Tharcisse bila kumsalimu.