Mkasi wa Kinyozi na Patani ya Dada

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshaahidi. Gauni jipya la binti yangu, tayari ifikapo Jumamosi asubuhi, na mshonaji ni mimi mwenyewe. Mke wangu aliuliza kama nina homa.

Sababu ni nzito. Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni, na binti ndiye atakayeanzisha wimbo wa kwaya, peke yake, mbele ya umati. Mwaka jana niliahidi kukaa mstari wa mbele. Nikafika viti vinakusanywa. Hakunisuta. Alisema tu kwamba hata hivyo hapakuwa na la maana la kuona. Ana miaka kumi na mmoja na tayari anajua kunisitiri. Linaniuma hadi leo.

Mimi ni kinyozi. Lakini cherehani ya marehemu mama iko chumbani, na mshono ulionyooka najua kuupiga. Kilichokosekana ni patani, ile karatasi ya kufuatisha unapokata nguo. Anayo Dada, fundi wa nguo mtaa wa pili, mkubwa wangu kwa miaka sita, anayeamini tangu utotoni kwamba nikigusa kitu kimekwisha. Nilimwendea kwa upole ambao nadhani ulimtia wasiwasi.

Akanitolea karatasi pana iliyochakaa mikunjoni. Vipande vyote vya gauni vimechorwa humo, saizi tano moja ndani ya nyingine, kila saizi na mstari wake: mzima, wa vinukta, wa vistari, sijui nini tena. Pembeni kuna maandishi ya penseli ya yule bibi aliyemfundisha ushonaji. Patani kama hiyo haiuzwi tena popote. Akanipa na bunda la karatasi nyembamba za kunakilia. Nitandike juu, nifuatishe mstari wa saizi ninayotaka, nikate nakala. Yenyewe isionane na mkasi. Alisema mara tatu. Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema anajua, mtoto angesikia mara ya kwanza.

Akanishauri pia ninunue kitambaa maradufu. Nikanunua, sikuuliza kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Wateja wachache, nikatandaza patani kwenye meza ya kinyozi. Kunakili ni kazi ya watu wasio na kazi! Nilishika mstari wa vinukta begani, nikashuka nao vizuri, nikafika kwapani ambako mistari yote mitano inabanana kama watu mlangoni. Nikatokea upande wa pili nimeshika mwingine. Mkono wa kushoto unamtosha binti. Wa kulia unamtosha mwalimu wa kwaya, ambaye ni pande la mtu. Nikarudia. Nikarudia tena. Saa tatu zimekwenda na nina jasho mpaka kisogoni.

Ndipo akili ikanijia. Miaka kumi na tisa nashika mkasi. Nakata kuzunguka masikio ya watu wanaopiga chafya. Karatasi imetulia tuli, nayo niiogope?

Kumpima binti niliona ni kupoteza muda. Lebo ya sare niliyoikuta nyuma ya mlango ilisema nane. Nikafuata mstari wa nane, wa ndani kabisa, mkasi juu ya patani yenyewe. Dakika kumi na mbili, vipande vyote vimekatika safi. Vipande vya pembeni nikavifagia pamoja na nywele. Dada atajua baadaye, akiwa ameshaliona gauni na moyo umeshalainika. Mteja aliyefuata nilimkanda kichwa bila kuombwa, kwa furaha tu.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimeshona. Mchana binti akajaribu. Kichwa kilipita. Mabega yalikataa. Akabaki amesimama mikono juu, gauni limemkaba, sauti inatoka ndani ya kitambaa ikisema kwa adabu kwamba haoni. Mama yake alimtoa kwa kumvuta kutoka juu.

Sare ya nyuma ya mlango, kumbe, ni ya miaka mitatu iliyopita. Ni tambara la kufutia vioo. Binti sasa anavaa kumi na mbili. Mke wangu aliniuliza kama katika miaka hiyo mitatu nimewahi kumtazama mtoto. Nikajitia natafuta pini.

Binti akasema sare yake ya sasa ni safi, ataimba nayo, nisijali. Bora angelia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamka na mpango. Mistari ya saizi kubwa haijapotea. Imo ndani ya ndoo ya taka. Nikaimwaga ndoo yote uwani na kuchambua. Nywele za vichwa kumi na kimoja, nyeusi, nyeupe na moja ya hina. Vipande vya mbele na vya mgongo nilivipata karibu vyote. Vya mikono vilikuwa vimelowa na kusagika, havina hali.

Nikawa naviunga kwa gundi, huku mwalimu wa kwaya yuko kitini nimemnyoa nusu. Nikainua macho. Dada anavuka barabara, anakuja kwangu moja kwa moja. Nikamrundikia mwalimu patani nzima mapajani, nikamfunika shuka la kunyolea mpaka kidevuni.

Dada aliuliza kunakili kunaendaje. Nikasema kunaenda vizuri mno. Mwalimu akavuta pumzi, karatasi zikalia. Dada aliuliza mteja ana nini. Nikasema shuka ni jipya, limetiwa wanga. Akamtazama mwalimu kwa muda mrefu. Mwalimu akatazama dari.

Alipoondoka, mwalimu aliuliza kwa ustaarabu mkubwa kama anaweza kunyolewa na upande wa pili. Nikamnyoa. Haukulingana na wa kwanza, kwa kuwa macho yangu yalikuwa dirishani.

Ijumaa, 8 Agosti

Binti amenigundua. Aliikuta patani chini ya godoro, gundi mbichi. Akaikunja vizuri, akaibeba, akaenda nayo kwa shangazi yake. Nikamfuata nyuma.

Dada akaitandaza mezani. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi ya penseli, ambayo mkasi wangu ulikuwa umeyapita katikati. Akasema bibi aliyaandika siku Dada alipoweza kuweka kola kwa mara ya kwanza bila kufumua. Nikaomba radhi. Machozi yalinitoka, ya kweli, si ya mpango. Dada akachomoa unywele kwenye gundi, akauinua kwenye mwanga, akauliza ni wa nani.

Kisha akasema hasira zake zitasubiri mpaka Jumapili, maana mtoto anaimba kesho. Mikono haipo, basi gauni litakuwa la mabega wazi. Akampima binti na kutupeleka wote kwenye duka langu, kwa sababu dirisha langu ndilo kubwa. Akabandika patani kwenye kioo, karatasi ya kunakilia juu yake. Jua likapenya. Mistari yote ikajitokeza, hata mimi niliiona. Binti akatangulia na kidole juu ya mstari wa kumi na mbili, mimi nafuata na penseli. Nikipotea anakigonga kioo. Nilipotea mara tisa. Watu walisimama nje kututazama. Nusu saa, basi. Nakala safi.

Jua halijazama gauni limeisha. Pindo nimelipiga mimi. Dada alilikagua, akasema limenyooka. Naandika hapa ili kuwe na ushahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilifika mapema mno hata nikasaidia kupanga viti. Nikajichagulia changu, mstari wa mbele, katikati. Mke wangu kulia, Dada kushoto.

Binti akatoka na gauni lake. Kabla hajafungua kinywa alinitafuta kwa macho, akaanzia milangoni. Akaja mpaka mstari wa mbele, akanikuta. Akatabasamu, ndipo akaimba. Sina cha kuongeza. Sijawahi kufurahi hivi tangu alipozaliwa.

Jumapili, 10 Agosti

Habari juu ya habari! Mwalimu wa kwaya, ambaye sasa anavaa kofia, anataka magauni kama lile kwa wasichana wengine watano, kwa ajili ya mashindano mwezi ujao. Dada amekubali tushirikiane. Na hasira ya leo hakuitoa. Badala yake alikuja na karatasi mpya, patani nzima aliyoichora upya kwa mkono wake, saizi zote tano, hata maneno ya bibi ameyanakili pembeni. Ameniachia mimi, kwa kuwa dirisha liko kwangu. Safari hii alisema mara moja tu kwamba ninakili. Mara moja! Huyo ni Dada, ananiamini. Kesho anakuja asubuhi, na binti baada ya shule atakuja kutuonyesha mstari. Binti alitaka kuanza nami leo hii. Nikamwambia akacheze, baba yake amepevuka.

Nimekaa nikaitafakari patani kwa utulivu. Wasichana watano. Saizi tano. Tena mwalimu ameniletea kitambaa na vipimo, na kila msichana ana saizi yake, hakuna wawili wa kulingana. Kwa hiyo kunakili mara tano, kwa nini hasa?

Kosa langu la Jumanne sasa naliona wazi. Nilianza na saizi ya ndani. Mtu mwenye akili anaanza na kubwa. Unaikata, unashonea gauni la kwanza. Unarudi, unapunguza hadi mstari unaofuata, unashonea la pili. Unashuka hivyo hivyo mpaka ya mwisho, na hakuna kinachotupwa ila vipande vyembamba vya pembeni.

Mkasi umeshafika saizi ya tatu. Dada akija kesho atakuta vitambaa vya magauni mawili tayari vimekatwa. Natamani kuuona uso wake.