Tundu la Dari na Karai la Chipsi

Jumatatu, tarehe 3
Msimamizi ametangaza. Kazi ya kutandaza nyaya juu ya dari la shule kubwa inataka kiongozi, na kiongozi lazima apite kwenye tundu la dari. Majaribio Ijumaa, kwenye tundu la ofisi yetu hapa karakana. Tumebaki wawili: mimi, fundi umeme mwenye miaka ishirini kazini, na Sindano, mwembamba kama jina lake.

Nesi wa zahanati kanipima uzito, akapima tena. Anasema tatizo si mdomo wangu peke yake, ni karakana: chipsi getini, soda kona, na tunda la karibu liko sokoni, mwendo wa nusu saa. Kilicho karibu na pua ndicho kinachoishia tumboni. Nikamwambia hilo nililigundua zamani, sema sikupata muda wa kuliandika.

Jumanne, tarehe 4
Kama ni mazingira, nayahamisha mazingira! Nimemshawishi Mama Chipsi atoe karai lake getini, alipeleke mlango wa nyuma, mbele ya meza ya Sindano. Jiko nimembebea mwenyewe. Kauliza kuna nini huko. Nikasema kuna njaa ya kusikitisha. Ijumaa Sindano atakuwa gunia.

Jumatano, tarehe 5
Nafasi ya getini haikukaa wazi hata siku moja. Asubuhi kaja muuza keki. Mchana muuza soseji. Wote wageni, hawajui mtu. Ningewapitaje bila kununua? Utu kwanza.

Huko nyuma Sindano anakula chipsi mchana na jioni. Tumbo liko palepale. Huyu chakula anakiweka wapi?

Alhamisi, tarehe 6
Nimejipima kiuno kwa waya, pumzi nimebana mpaka macho yakatoka. Nikaupeleka ule mduara kwenye tundu. Unapita, na nafasi ya kidole inabaki! Mke wangu kasema nijipime nikiwa napumua. Maneno ya mtu asiyejua umeme. Tumesherehekea kwa keki mbili. Yake kala nusu. Ningeitupa?

Ijumaa, tarehe 7
Nilitangulia. Pumzi nimebana. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikaingia. Chini makofi! Mtu hapigiwi makofi akanyamaza. Nikaanza hotuba ya shukrani. Pumzi ikatoka, tumbo likarudi mahali pake, na mahali pake palikuwa katikati ya fremu.

Walivuta miguu. Kilitoka kiatu. Mama Chipsi akaletwa na kidumu chake cha mafuta, na Sindano mwenyewe akapanda ngazi, akanipaka kiunoni kama mtoto mchanga.

"Kaka, usiongee," akasema. "Ukinyamaza tu, utatoka."

Nikanyamaza, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikachomoka kama sabuni.

Uongozi kapewa Sindano. Kamwambia msimamizi kwamba bila mimi haendi. Nitakaa chini nimpitishie nyaya. Nilifuta uso. Lilikuwa jasho.

Jumamosi, tarehe 8
Nimelichambua jambo lote, kosa nimeliona. Mafuta yalikuwa mbali! Kutoka mlango wa nyuma mpaka ofisini, dakika tano nzima mtu ananing'inia. Kwa usalama kazini nimemrudisha Mama Chipsi getini, katikati ya keki na soseji. Jiko nimebeba mimi tena. Kauliza sahani ndogo au kubwa.

Kubwa. Kubeba jiko ni mazoezi.