Mtambo wa Dada Farida

Goodluck aliiona riziki siku Farida, mwenye nyumba ya wageni pale Chikongola, alipomuuliza orodha ya wageni inakaa wapi kwenye ile tovuti aliyomtengenezea.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kwenye faili moja, ndani ya programu ileile inayoendesha tovuti, bila mashine yoyote ya pembeni. Ni mpango mzuri, wa bure, na nyumba ndogo ya wageni haihitaji zaidi. Lakini ukweli wa bure haumlishi mtu. Goodluck akaleta friji bovu, akalipiga kufuli na kulitia taa ya kijani.

"Huu ndio mtambo, dada. Data zikipata joto zinaharibika. Kila mwezi tutalipia ubaridi."

Farida alilipa, na wageni akawa anawaonyesha mtambo wake. Mambo yakaenda vizuri mpaka aliposema, "Mdogo wangu, nimenunua kiwanja, najenga nyumba nyingine. Kesho fundi anaufungua mtambo tuuhamishe."

Ikambidi Goodluck atoke mjini kabla kufuli halijafunguliwa. Ila mjanja haondoki mikono mitupu. Jioni ileile alinakili faili la wageni kwenye flashi, akampelekea mzee Zuberi, mshindani wa Farida.

"Wateja wake wote wamo humu, mzee. Namba za simu, mpaka nani anapenda chumba cha uani."

"Huu ni wizi, kijana," alisema Zuberi, akiipokea. "Taslimu sina. Nina kiwanja Likombe. Hakilali bila mnunuzi."

Wakabadilishana, flashi kwa hati, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Asubuhi, Goodluck akiwa Likombe anatafuta mawe ya mpaka, simu ikaita.

"Kijana, humu kuna mgeni mmoja tu. Anaitwa Jaribio."

Goodluck akasimama. Programu ile huandika mambo mapya kwanza kwenye kifaili cha pembeni, kisha huyahamishia kwenye faili kubwa. Yeye mwenyewe, baada ya kuijaribu kwa jina moja la uongo, alikuwa ameizuia isihamishe, ili tovuti ionekane ina kasi mbele ya Farida. Wageni wote wamebaki kwenye kile kifaili alichokiacha akidhani ni takataka.

"Kosa dogo, mzee. Nitalirekebisha."

"Usihangaike," alisema Zuberi bila hasira hata kidogo, na hilo lilimtisha Goodluck kuliko matusi. "Kiwanja umekiona?"

Alikuwa amekiona. Katikati yake mwanamke mmoja alikuwa anapalilia mihogo, bila haraka, kama mtu aliye kwake.

"Karibu, baba. Na wewe umeuziwa na Zuberi? Kaa na mwenzako pale."

Mwenzake alikuwa kwenye kivuli cha mkorosho, hati mapajani, fundi pembeni.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," alisema Farida. "Fundi aliwahi leo, mtambo tumeufungua. Ndani tumekuta rafu ya mayai. Hebu kaa, utueleze hizo data zilikuwa zinataga lini."